Siku Nilipoibadilishia Kompyuta Jina

Ujinga nimefanya mwingi maishani, lakini huu mmoja niliufanya kwa adabu: niliibadilishia jina kompyuta ya watu kwa sababu niliona imeshazaa.

Ilikuwa miaka ile soko huria limekwishazoeleka Kariakoo, kila kitu kinashushwa kutoka Dubai, na tajiri anayejiheshimu alitaka ndani ya duka lake kuwe na kioo kinachowaka. Bosi wangu, Mhindi wa vitenge vya jumla, alinunua kompyuta akaiweka ghorofani, stoo. Humo ndimo ilimokaa hifadhidata, yaani majedwali ya bidhaa, bei na wateja, yameshikana kama ukoo. Ukimgusa mmoja, wote wanageuka. Mashine yenyewe tuliisajili kwa jina la Stoo. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta, basi nikawa mtaalamu.

Utamu wa kazi ile haukuwa mshahara. Ulikuwa umbali. Chumba changu kilikuwa uchochoroni nyuma ya duka. Bosi akikohoa, namsikia nikiwa kitandani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walikuwa wanaota Ulaya, mimi kwenda Posta tu nilikuwa naaga majirani.

Ikaja kompyuta ya pili, ya kaunta, yenye programu ya kuuzia. Muuzaji akiandika aina ya kitenge, programu inapanda kwa waya hadi juu, inamuuliza Stoo bei na kama mzigo upo, kisha inashuka na jibu. Ikafanya kazi vizuri kiasi kwamba nilianza kutembea taratibu kama mwenye duka. Ijumaa jioni nikabaki stoo peke yangu, nikaitazama mashine ile kwa huruma. Imepata mtoto kule chini, bado inaitwa jina la usichana? Kwetu mwanamke akishajifungua, kumwita jina lake ni utovu wa nidhamu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiandika MamaKaunta. Nikaizima, nikaifunika kitambaa cha kufuma, nikaenda kulala natabasamu.

Jumamosi duka lilijaa wateja wa mikoani. Nikawasha zote mbili, nikafungua programu ya kaunta. Ikagoma. Ukatokea ujumbe wa Kiingereza, mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nikasoma pale mwanzo paliposema imeshindwa kuunganishwa, nikaufunga. Kushindwa nilikuwa nimeshakuona mwenyewe, sikuhitaji kusomewa.

Nikafuata waya kwa magoti kutoka kaunta hadi ngazini. Nikapuliza vumbi. Nikaandika neno la siri upya, polepole, kana kwamba tatizo ni haraka yangu. Nikazima nikawasha. Kila mara ujumbe ulirudi na kila mara niliufunga. Kilichonitesa ni kwamba nikipanda juu nakuta majedwali yanafunguka bila shida, nikishuka chini hakuna kitu. Mteja mmoja akauliza kwa upole kama kitu hicho kinahitaji kafara. Jirani yangu wa nyumba moja, mama wa makamo kutoka Lindi aliyekuja kununua sare ya harusi, akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia, kwamba nafuata waya kama kuku anayefuata mtama.

Bosi hakupiga kelele. Aliniita pembeni.

"Mpaka adhuhuri," akasema. "Ikikataa, namwita fundi wa Upanga. Na wewe utakwenda kupumzika nyumbani."

Nyumbani napapenda, lakini si kwa namna hiyo. Nikifukuzwa pale, kazi nyingine ingekuwa mbali, ningelazimika kuijua Dar es Salaam.

Nikarudi kaunta. Ujumbe ukatokea tena, na safari hii, kwa kuchoka tu, kidole kikachelewa kuufunga. Nikausoma mpaka mwisho. Ulisema wazi, kama ulivyosema tangu asubuhi, kwamba mashine iitwayo Stoo haionekani kwenye mtandao.

Kumbe programu ilikuwa imesimama mlangoni tangu duka lifunguliwe, inabisha hodi, inaita Stoo, Stoo, na bibie wa ghorofani, na heshima yake mpya, haitikii.

Nikafungua mipangilio ya programu, pale inapoelekezwa mashine ya kuiendea, nikafuta jina la zamani, nikaandika jipya. Bei zikashuka zote kwa waya hadi kaunta. Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado.

Bosi akauliza ilikuwa nini. Hapo ningeweza kusema waya. Ningeweza kusema umeme, ambao haujawahi kukanusha tuhuma yoyote. Nikasema virusi.

Bosi alikuwa anaogopa virusi kuliko watu wa kodi. Akafikiri kidogo, akaniambia rafiki yake ana darasa la kompyuta Kigamboni, wanafundisha hayo hayo ya virusi. Nitakuwa naenda kila Jumamosi, nauli juu yake. Yaani mimi, niliyepigania asubuhi nzima haki yangu ya kutokwenda popote, nikapewa safari ya majini. Nitavuka Magogoni kwa pantoni, nikirudi nanuka ndoo za samaki wa soko la Feri.

Jioni nikamkuta yule jirani ukumbini, amekaa mkekani anakata vitenge vyake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nilihitaji mtu wa kunihurumia, basi nikamweleza ukweli wote, jina, ujumbe, virusi, pantoni. Mkasi haukusimama hata mara moja. Nilipomaliza, akang'ata uzi, akasema:

"Mimi nilipozaa watu walitangaziwa, wakaja wakanywa uji, ndiyo wakaanza kuniita mama fulani. Wewe umeizalisha mashine gizani, hata mwanawe hukumwambia. Na wewe mwenyewe huna hata paka wa kukuita baba. Nenda Kigamboni."