Shokapu Mbili za Mfuniko Mmoja

Fyuuu. Juzi hapa Mbinga, sokoni, jamaa mmoja alifungua buti la gari lake apakie gunia la mahindi, na mlango ukapanda wenyewe polepole kwa ile sauti ya mtu anayeshusha pumzi. Watu walipita zao. Mimi nilisimama pale na kapu langu la nyanya, nikijisugua mkono wa kushoto juu ya kiwiko kwa hasira. Mwenye gari akaniuliza, "Vipi dada, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Ninyi nitawaambia.

Nilizaliwa Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Babu alipofariki aliacha boti mbili za mbao zenye injini, moja akapewa Baba, nyingine kaka yake, Baba mkubwa Hyasinti. Injini ilikaa katikati ya kila boti, ndani ya shimo lililofunikwa kwa mfuniko wa mninga uliopigiliwa bati juu. Mfuniko ule ulikuwa mzito kuliko mimi. Ukiufungua uliuegemeza kwa gongo, na wimbi likija gongo lilikuwa linateleza, nawe unatoa kichwa chako haraka au unakiacha humo. Mama ndiye aliyeinama mle kila asubuhi kuchota maji yaliyovuja usiku, wakati Baba akipanga magunia ya dagaa. Baba alichoka kumwona mkewe chini ya gongo. Hilo simnyimi.

Nilipokuwa darasa la nne, likizo ya mwezi wa sita, Baba aliung'oa mfuniko, akaupakia kwenye lori la dagaa, akanipakia na mimi, tukapanda milima hadi Mbinga. Baridi ya huko ilinikuta nimejifunika kanga ya Mama inayonukia moshi. Kwanza aliupeleka kwa mnunuzi mmoja wa kahawa, akaomba aupime kwenye mizani yake. Wakulima waliokuwa kwenye foleni walicheka sana, na mzee mmoja akauliza kahawa hiyo ni ya daraja gani. Baba alicheka nao, lakini uzito akaukariri.

Tukaenda duka la spea. Kijana wa dukani aliufunga mfuniko kwa bawaba juu ya kreti kubwa, akaanza kujaribu shokapu za buti, zile fimbo za chuma zenye gesi zinazoinua mlango wa nyuma wa gari. Za kwanza zilikuwa kali mno, zikaurusha mfuniko juu, na kuufunga ikabidi Baba aukalie. Za pili zilikuwa zimechoka. Mfuniko ulisimama, ukawaza kidogo, kisha ukaanza kuinama kama mzee anayesinzia kanisani. Za tatu zilitoka kwenye gari kubwa la safari. Baba aliuinua kidogo tu, fyuuu, ukapanda wenyewe. Akautikisa, ukatulia. Akaubonyeza, ukafunga bila ugomvi. Alitabasamu mpaka nikamwonea aibu mbele ya watu.

"Mzee, hizi ni pacha," kijana akasema huku akizifunga kwenye gazeti. "Mzigo zinaubeba pamoja. Ukifunga moja, upande mmoja unabaki mtupu, mfuniko unajipinda, siku moja bawaba zinang'oka. Usizitenganishe."

"Nimekuelewa, kijana wangu," Baba akajibu. Njia nzima ya kushuka aliyarudia maneno yale, pacha, usizitenganishe, hadi nami nikayashika kama sala ya jioni.

Nyumbani kwetu kitu chochote kilichonunuliwa mbali kilipita kwanza mbele ya Bibi, mama yake Baba. Tangu Babu afariki, yeye ndiye aliyezuia wanawe wawili wasigombane, na dawa yake ilikuwa moja: kila kinachoingia kinagawanywa sawa kwa sawa. Mbasa alikatwa katikati mbele ya macho yake, na kichwa kilikwenda zamu kwa zamu. Sikatai, kwa samaki dawa ile ilifanya kazi.

Bibi akafungua gazeti. Akaziona zimelala sambamba, zinang'aa, urefu mmoja.

"Ziko mbili, nanyi mko wawili," akasema. "Mungu kagawa mwenyewe. Undugu ni kufaana."

Baba mkubwa akapiga makofi kushukuru. Nilimtazama Baba, nikingoja aseme. Alikuwa anatazama mkeka. Basi nikasema mimi: "Bibi, dukani wamesema hizo ni pacha, zisite..."

Sikumaliza. Baba alinifinya mkono juu ya kiwiko, akazungusha. "Shika adabu," akasema. Bibi akatikisa kichwa: "Mtoto mdogo hivi, keshaanza kutenganisha ndugu." Nikafukuzwa, nikaenda jikoni alikokuwa Mama akisonga ugali wa muhogo. Kuta zetu zilikuwa za matete, alikuwa amesikia kila neno. Aliendelea kusonga, kwa nguvu kuliko ugali ulivyohitaji.

Shokapu moja ikafungwa kwenye boti yetu, nyingine kwenye boti ya Baba mkubwa. Ukiuinua mfuniko mpaka mwisho, na boti ikiwa imetulia, ile moja iliweza kuushikilia. Watu walikuja kutazama na kusifu. Nilimwona Baba akiukagua ule upande mtupu, akipitisha kidole kwenye misumari ya bawaba, kisha akitazama kama kuna anayemwona. Alikuwa anajua. Nataka mlishike hilo: alikuwa anajua.

Wiki chache baadaye, asubuhi ya upepo wa mwera, boti ilikuwa inaruka pale kwenye nanga na Mama ameinama shimoni na kopo lake. Mimi nilikuwa mchangani nasugua sufuria. Nikasikia mbao ikilia, bawaba za upande mtupu zikang'oka, kisha kishindo. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba kutwishwa ndoo, "Baba Oliva, njoo uninyanyulie."

Hospitali walifanya walichoweza. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Mama yangu, aliyekuwa akisuka wasichana wa nusu ya kijiji, hakunisuka tena hata mimi. Wazee wakimpa mkono, alitoa wa kushoto na kuomba radhi kwanza, kwa kila mzee, kama yeye ndiye mkosaji.

Majirani walikuja na neno moja: ajali haina kinga. Bibi naye akalisema huku akilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Jamani, kinga tulikuwa nayo. Ilipimwa, ikajaribiwa, ikafungwa kwenye gazeti, ikasafirishwa kutoka Mbinga, na ilipofika nyumbani tukaigawa.

Jioni ile ile ya ajali Baba mkubwa alikuja ameishika shokapu yake. "Chukueni na hii," akasema, "mfuniko uwe na zote mbili." Yeye akarudia gongo lake. Baba akazifunga pamoja, mfuniko ukapanda, fyuuu, ukatulia vilevile kama ulivyotulia dukani. Mama aliporudi kutoka hospitali aliufungua kwa mkono wa kushoto.

Miaka mingi nilimkasirikia Bibi. Ni ukubwani nilipoelewa kwamba nilikuwa nimemkasirikia mtu siye. Bibi aliona vitu viwili na watoto wawili, akafanya alilolijua. Aliyebeba ukweli kutoka Mbinga hadi mlangoni, kisha akaumeza, alikuwa Baba. Aliogopa kumkosoa mama yake mbele ya kaka yake kuliko alivyouogopa ule mfuniko. Hilo watu huliita heshima. Mimi naliita woga, na mkono ulioulipia haukuwa wake.

Nilipomaliza chuo nilirudi Lipingo kusalimia. Asubuhi moja tulisimama mchangani, mimi na Baba, tukimtazama Mama akiingia kwenye boti na kopo lake. Baba akanishika mkono, pale pale juu ya kiwiko, akapapasa kwa kidole gumba.

"Oliva," akasema, "siku ile ulisema kweli."

"Nilisema mapema, Baba."

Akauachia mkono wangu, akaingia majini kwenda kumfungulia Mama mfuniko.