Ukanda wa Mpira

Tangu waasi wafunge barabara, mwenye haraka hapa Goma hupanda ndege ya mizigo. Wiki iliyopita nilikaa juu ya magunia, nyuma ya rubani. Kiti cha rubani msaidizi kilikaliwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa Butembo, na mzigo wake mapajani.

Tulipopaa juu ya ziwa, mkono wa gesi, ule unaoongeza nguvu ya injini, ukaanza kurudi nyuma wenyewe, injini ikapunguza sauti.

"Mama, shika apa," rubani akasema. "Ukiachilia, inarudia."

Mama akaushika. "Papa, hii kitu ililegea tangu lini?"

"Tangu volkano ilikula piste, njia ya kutulia ndege. Sasa ni fupi, tunafunga frein, breki, kwa nguvu, yote inatikisika. Tulishazoea."

Kwa mkono uliobaki, mama alifungua mzigo wake, akatoa ule ukanda wa mpira uliokuwa umeubana, akaufunga mkono wa gesi kama mtu anayefunga gunia kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Rubani aliufungua tu tulipoanza kushuka.

Tulipotua Butembo, mama akadai mpira wake.

"Mama, uniachie," rubani akasema, macho chini. "Na miye niko na safari ya kurudi."

Mama akawatazama abiria waliongoja kwenda Goma, mmoja ana mtoto mgongoni. Akaondoka akiukumbatia mzigo wake usimwagike.

Ndege ile hupita juu ya nyumba yangu, Himbi. Majirani humwombea rubani. Mimi naombea mpira.