Mwalimu Otilija na Mizinga Sita ya Buluu

Katika bonde letu lote la Slovenia, kutoka kanisani hadi kiwanda cha mbao, hakuna anayejua nyuki kunishinda mimi Ludvik. Anayebisha aje. Lakini leo nimeshiba na sina sababu ya kudanganya, kwa hiyo nitamtaja aliyenifunza: Mwalimu Otilija.

Ni bibi mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea. Alifundisha shule yetu miaka arobaini. Mimi nilimkimbia darasa la sita, nikiona elimu imetosha. Nilipofika miaka hamsini na mbili nikagonga mlango wake anifundishe nyuki.

"Kumbe umerudi kumalizia darasa la sita, we mtoto."

Akanikabidhi mizinga sita bandani mwake, kwa sharti: ikifika vuli mizinga yote ikiwa hai, banda litakuwa langu, maana magoti yake yamechoka. Ukifa hata mmoja, banda ni la jirani yangu Feliks. Feliks! Mtu anayekimbia hata nzi wa jikoni.

Malkia wa mizinga ile walikuwa wachanga, hawajatoka bado kutafuta madume. Nami nikataka kumfurahisha mwalimu. Vibao vya mbele vilikuwa vimechakaa, kila kimoja na picha yake: dubu, kengele, mwanamke anayemkimbiza mumewe na mwiko. Nikavikwangua vyote, nikapaka buluu moja. Vikang'aa kama wanafunzi wenye sare. Nikamwita aje anisifu.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ludvik, mizinga imepangwa kama droo za kabati. Nyuki akirudi atajuaje droo yake?"

"Si atahesabu, Mwalimu."

"Wewe darasa la nne ulihesabu kondoo mara tatu ukapata majibu manne. Nyuki ndiye ataweza?"

Kesho yake tu malkia mmoja akatoka kutafuta madume, na aliporudi akaingia mlango wa mzinga wa pembeni. Wenye nyumba wakamuua. Nilimwokota chini, mwembamba kama kipande cha nyasi.

"Bwana Ludvik," Feliks akaita kutoka uani, "nianze kufagia banda langu?"

"Fagia kwanza ndevu zako!"

Nilijibu hivyo, kisha nikampelekea mwalimu yule malkia kiganjani. Mwalimu hakunigombeza. Alitoa sega lenye mayai katika mzinga wake mwingine, ulio nyuma ya nyumba, ili wale yatima walee malkia mwingine, kisha akaniletea rangi.

"Chora. Nyekundu acha, nyuki hawaioni."

"Mimi sijui kuchora, Mwalimu."

"Najua. Nilikuwa nakusahihisha."

Nikachora jogoo, kiatu, ng'ombe aliyefanana na kiatu, mwezi, na Feliks. Kwenye mzinga wa yatima nikamchora mwalimu, miwani kama magurudumu, mdomo wazi anafoka, pale pale penye tundu la kuingilia nyuki.

Malkia mpya alipotoka, sote watatu tulikaa kwenye benchi. Akarudi. Akakiendea kibao cha Feliks, akaelea kidogo, akageuka, akaingia kinywani mwa mwalimu.

"Ameiona sura yako, Feliks, akaghairi!" nikapiga kelele mpaka mbwa wakabweka.

Vuli ikafika, mizinga sita hai. Mwalimu akanipa ufunguo, akaomba brashi. Chini ya sura yake akaandika kwa rangi nyekundu: *Pua si yangu. Amefaulu darasa la sita.*

Nyuki hawaioni. Mimi huyasoma maneno hayo kila asubuhi, kwa sauti, Feliks akiwa karibu.