Mkia Usiotulia

Pale maabara walimwita Bi Barafu, maana hukumwona bila ndoo ya barafu kwapani. Ndani yake alibeba kimeng'enya kimoja cha seli za binadamu, kinachoharibika upesi kuliko maziwa. Alikilea miaka tisa, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Watoto wake walimwamkia kama mgeni.

Kazi ya kimeng'enya hicho ni umbea. Habari ikigonga seli kutoka nje, kinanyakua kipande cha kemikali iitwayo fosfeti, kinakipachika kwenye protini jirani, nayo inaamka kuchokoza nyingine. Umbo lake ni taya mbili na mkia. Pasipo habari, mkia hujilaza katikati ya taya, kikanyamaza. Bila mkia huo seli huzaana ovyo, mtu akaota uvimbe.

Profesa, mkuu wa maabara, alitaka kukipiga picha. Kwanza lazima kigande kuwa fuwele, na mkia usiotulia ulikizuia.

"Ukate," alimwambia Bi Barafu. "Fuwele zikitoka, nakupa ajira ya kudumu."

"Lakini Prof, huo ndio unaokifunga mdomo."

"Kwani mama, wewe umesomea wapi?"

"Hapahapa, nikiosha chupa zako."

Maabara nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Profesa. "Kata, au rudi kwenye chupa."

Akakata. Kwenye daftari, ambamo kila mtu husaini alichofanya, akaandika: *Mkia umeondolewa.* Alipotaka kuongeza "kwa amri ya Profesa", mwenyewe akamzuia. Daftari si kijiwe cha majungu, alimwambia.

Fuwele zikatoka, zinang'aa kama chumvi. Profesa akasafiri, akapanda jukwaani mbele ya wataalamu wa nchi mbalimbali, akatangaza amegundua kimeng'enya kisichozimika. Bibi mmoja mwanasayansi akauliza kwa upole kutoka viti vya nyuma:

"Mkia wake mmeutupa wapi, baba?"

Ukumbi ulicheka mpaka mkalimani akashindwa kazi.

Aliporudi, Profesa aliita kikao, akafungua daftari. "Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, Prof. Lakini wewe ndiye..."

"Sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi. Mkataba wako ukiisha, hatukuongezi."

Wenzake Bi Barafu, waliokuwa wakicheka naye, walikagua kucha zao.

Mlangoni Profesa akamwita tena. "Umebakiza mwezi, mama. Nitengenezee chenye mkia. Hapa hakuna mwingine anayekiweza."

Na akakitengeneza, mjinga yule, kizima na safi kuliko vyote vya miaka tisa, kwa sababu kukiharibu hakujifunza.