Polisi aliyemtoa mume wangu jicho sasa ananiita mama

Mwenye ukurasa, weka kisa changu lakini jina langu ulizike kabisa. Hapa mjini Kamina tunajuana. Nina miaka arobaini na moja, nina mume na watoto wanne, nauza unga wa muhogo sokoni. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuangalia signali.

Miaka michache iliyopita polisi walikuja kututoa sisi bamama tuliokuwa tukiuza kando ya barabara. Hawakusema neno, walianza na fimbo. Mume wangu alikuwa amekuja kunibebea gunia. Akamwambia mmoja wao, "Shefu, polepole, hawa ni bamama." Yule polisi akamgonga usoni na kitako cha bunduki. Jicho la kushoto likaishia pale. Kazini wakasema mtu wa jicho moja haangalii signali. Komisaria, kituoni kwa polisi, walituambia tungoje. Tulingoja hadi tukaacha.

Sasa mwaka huu wamekuja walimu kufundisha polisi wetu upya: waongee kwanza, nguvu iwe ya mwisho. Shefu wa kartiye, mtaa wetu, akatafuta raia wa kuigiza watu wenye hasira. Akaniambia, "Mama, weye uko na sauti, enda."

Nikaenda uwanjani. Tukapangwa, sisi huku, polisi kule. Aliyesimama mbele yangu alikuwa yeye. Sura ile siwezi kuikosea.

Nilitakiwa kupiga kelele. Mimi nikatazama mikono yake. Yeye akafungua viganja, akarudi hatua nyuma, akasema, "Mama, pole, nakuomba, tuongee. Sitakugusa."

Mwalimu akasema, "Njo vile, hivyo hivyo!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Wakati wa kupumzika akaniletea maji. "Mama, nilikuogopesha?" Nikasema hapana. Hanikumbuki. Nilikunywa yale maji. Sikusikia hasira, sikusikia kitu, kama mguu uliokufa ganzi.

Nyumbani nikamwambia mume wangu. Aliendelea kula bukari, ugali wetu, halafu akauliza:

"Alikuambia pole?"

"Mu ule mchezo, ndiyo."

Akamega tonge lingine. "Kumbe anajuaka kuisema."

Alinawa mikono, akaenda kulala.

Sasa walimu wamenichagua mimi na yule polisi, tuzunguke kila kartiye tuwaonyeshe watu lile igizo, ili raia warudishe imani. Na siwezi kudanganya, kitu kimebadilika. Juzi kijana wa jirani yangu alikamatwa barabarani, wakamuuliza maswali, wakamwachia bila hata kofi. Mama yake alikuja kunishukuru mimi, kama vile ni mimi niliyewafundisha.

Nikisema huyu ni nani, watamtoa kazini, na pengine watu watasema mafunzo yote ni bure. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya umati kila wiki nikiitwa mama na mwenye mkono ule ule. Mume wangu anasema, "Enda, ni kazi nzuri. Ila usinialike."

Shefu wa kartiye anataka jibu Jumapili baada ya misa. Ndugu zangu, mimi moyoni siupati upande wowote, si hasira, si msamaha. Ningekuwa dada yenu wa tumbo moja, mngeniambia niende na yule mtu, au nimwambie mbele ya wote jicho lile lilikuwa la nani? Niambieni, nitasoma yote.