Fimbo ya Nusu Mita

Siku aliyoingia chumbani kwetu, kabla hata ya kutua begi, alifungua kitambaa, akatoa fimbo nyeusi na kuanza kupima kitanda changu. Nilikuwa nimekilalia. Aliilaza fimbo kando ya miguu yangu, akaisogeza, akaisogeza tena, kisha akajisemea mwenyewe, "Nne na kidogo." Ndipo akakumbuka kunisalimia.

Mimi si mtu wa subira. Nimezaliwa mji huu huu, nimekulia katika nyumba yenye watu kumi na bafu moja, na nilipopata nafasi katika bweni la wasichana nilimshukuru Mungu kwamba hatimaye nitalala kama binadamu. Halafu naletewa mgeni wa kunipima kama maiti! Nilimwambia hivyo hivyo, macho makavu. Hakukasirika. Alicheka taratibu, akanieleza kwamba baba yake ni fundi mwashi, kwamba yeye mwenyewe amefanya naye kazi miaka mitano tangu amalize shule, na kwamba fimbo ile ni nusu mita. Baba yake aliichonga mwaka alioanza ufundi. Alimkabidhi asubuhi ya safari, bila hotuba, kama anampa mwavuli.

Kufikia mwisho wa wiki darasa zima lilikuwa linamwita Fimbo, na mimi ndiye niliyeanzisha.

Chuoni tulikuwa tunasomea uchoraji wa majengo. Chumba cha kuchorea kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, meza zake zimeinama kidogo kuelekea kifuani, na kuanzia saa nane mchana jua liliingia kupitia madirisha yote kwa mpigo mpaka karatasi zikang'aa na usingizi ukatushika wote. Fimbo hakulala. Alikaa na penseli mkononi akitazama nje, juu ya mabati na matangi ya maji na kamba za nguo za watu, na uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo sijawahi kuiona kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sisi wengine tulikuwa na hofu usoni hata tukila.

"Uko wapi wewe?" nilimuuliza siku moja.

"Niko kwetu. Tunapandisha ukuta."

Nilidhani ananitania. Kumbe hapana. Alipoondoka, baba yake alikuwa ndiyo kwanza ameanza nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, vyumba vitatu na kibaraza, msingi umeshamwagwa. Fimbo hakutaka nyumba ile imalizike bila yeye. Kwa hiyo kila siku, darasani au akifua, aliijenga kichwani. Alijua baba yake hupanga matofali mistari mingapi kwa siku, alijua lini anapumzika, alijua ni saa ngapi goti lake huanza kumsumbua. Alikwenda naye sambamba, na Jumapili akimpigia simu hakuiulizia hata siku moja.

Mji wetu aliupita hivi hivi, kama anaupita usingizini. Hakuogopa magari wala hakushangaa maghorofa, ila hakuwa na habari navyo. Kitu pekee kilichomleta kati yetu ni ile fimbo. Alipima korido ya bweni, alipima meza za jikoni, alipima hata upana wa ngazi, akiinama na kuinuka huku watu wakimruka na ndoo zao. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu bila kuona haya.

"Kitu nikishakipima hakinitishi tena."

Sasa ngoja niseme ukweli: ile ndoto yake iliniambukiza. Jumapili mchana, nguo zimeshaanikwa, tulilala kila mtu kitandani kwake, pazia linapanda na kushuka, na mimi mtoto wa mjini ambaye sijawahi kushika hata mwiko wa saruji nilijikuta nauliza, "Leo wamefika wapi?"

"Madirishani."

"Madirisha ya mbele?"

"Yote. Baba anasema mwalimu anataka makubwa, apate mwanga wa kusomea." Hapo alikuwa amefumba macho. "Kesho wanaweka vizingiti. Mchanga umelowa, unanukia."

Na kweli nilisikia harufu ya mchanga uliolowa, nikasinzia. Zilikuwa Jumapili nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na sikumwambia hivyo wakati ule kwa sababu nina kiburi.

Muhula wa pili ulituamsha. Mwalimu wa michoro, mwanamke mfupi tuliyempa jina la Bi Milimita, alitupa kazi moja: kila mtu apime ukumbi wa zamani wa chuo na kuuchora, kwa vipimo vyake mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa nusu ya alama za mwaka. Atakayeanguka anarudi kwao, hakuna kurudia mwaka.

Fimbo aliniambia jambo siku hiyo ambalo ningependa ningekuwa nalijua tangu mwanzo. Mwaka mmoja kabla hajaja, baba yake aliitwa kwenye jengo kubwa la watu wenye pesa. Injinia kijana akatandaza mchoro juu ya boneti ya gari, akamwambia, "Mzee, soma hapa, anza kesho." Baba yake aliutazama mchoro muda mrefu, akaugeuza juu chini, akautazama tena. Vibarua wakacheka. Injinia akakunja karatasi yake akamwita fundi mwingine. Fimbo alikuwepo, kabeba ndoo.

"Jioni hakula," alisema. "Aliniambia tu, wewe utaisoma. Basi. Nikifeli hapa, moyo wangu utafurahi kurudi nyumbani, halafu nitamtazamaje?"

Chuo kilikuwa na tepu za kupimia sita kwa watu thelathini na wawili. Mimi, kwa ujanja wa mjini, niliwahi moja, nikamwambia tuitumie wote. Akakataa. Tepu inalegea katikati, alisema, fimbo hailegei. Nikamwambia ana kichwa kigumu. Akakubali kwamba ni kigumu, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Mchoro wake ulipokamilika niliuonea wivu, naungama. Mistari myembamba iliyonyooka, kila dirisha mahali pake, mpaka ule ufa wa nguzo ya mlangoni aliuweka. Ukiutazama ulihisi ukimya wa ule ukumbi wenyewe, asubuhi, kabla watu hawajaingia.

Bi Milimita aliutazama kwa dakika nzima, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ukumbi huu una urefu gani?"

"Mita ishirini, mwalimu."

"Una mita kumi na nane na sentimita arobaini. Upana?"

"Kumi."

"Tisa na ishirini. Mlango umeuandikia mita moja, nao hauifikii." Alipitisha kidole juu ya karatasi nzima. "Sijawahi kuona kitu hiki. Hujakosea popote, na umekosea kila mahali. Umenichorea ukumbi mzuri sana, ila si huu wetu. Ulipimia nini?"

Fimbo alikwenda kuileta. Bi Milimita akailaza mezani, akavuta tepu juu yake, na sote tukasogea. Arobaini na sita.

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nilicheka, lile cheko la kumtoka mtu kabla hajafikiri. Fimbo alinitazama mimi tu, si wale wengine, na mpaka leo nikikumbuka yale macho nataka ardhi inimeze.

"Nyamazeni," alisema Bi Milimita. "Binti, mimi sijali umepimia nini. Pimia hata ufagio, mradi ujue ufagio wako una urefu gani. Nakupa mpaka Ijumaa. Ikifika Ijumaa mchoro haujawa sawa, sina la kukusaidia."

Nilimkuta kwenye ngazi za bweni, fimbo mapajani. Nilikaa kando yake nikamwomba radhi. Alitikisa kichwa kama anafukuza nzi, akaniambia jambo jingine kabisa.

"Lakini nyumba zetu zimesimama. Milango inaingia. Mabati yanakutana. Zingesimamaje?"

Akapiga simu nyumbani, akaweka sauti kubwa nami nisikie.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona leo si Jumapili?"

"Baba, fimbo ina sentimita arobaini na sita."

"Ndiyo," alisema yule mzee, bila kushtuka hata kidogo. "Ncha ilipasuka, nikaikata. Wewe hata shule ulikuwa hujaanza."

"Sasa na nyumba zote zile?"

"Si naweka vidole viwili?"

"Vidole gani, baba?"

"Vidole, mama. Kila nikiilaza naweka vidole viwili pale mwisho, ndipo nakwambia andika. Miaka mitano umeniona."

Alikuwa ameona. Kila siku alisimama na daftari lake kando ya baba yake, akaona mkono ule mzito ukitua mwisho wa fimbo, akasikia, "Andika moja. Andika mbili." Alidhani anashika alama isipotee.

"Mbona hukuniambia?" Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Tukasikia koleo likikwaruza mahali karibu naye. "Haikunijia," alisema mwisho. "Nilikuwa napima na wewe siku zote. Haikunijia kwamba ukiwa huko utapima bila mkono wangu." Kisha akauliza kwa woga, na ndipo nilipotambua kwamba baba watu alikuwa anaogopa kuliko sisi, "Wamekufukuza?"

"Bado. Mpaka Ijumaa."

"Basi pima upya, mama. Pima taratibu."

"Nyumba ya mwalimu imefikia wapi?" aliuliza Fimbo, na nikajua anataka kusikia kitu cha kumtuliza. Kichwani mwetu ilikuwa imeshaezekwa. Wiki iliyopita tulipaka kibaraza rangi.

"Ah, hiyo? Iko magotini. Mvua imetukalisha, halafu mwalimu mwenyewe aliugua. Tunaanza tena wiki hii." Mzee akacheka. "Usiiwaze. Haiendi popote."

Alipokata simu alilia. Miezi yote ile sikuwa nimemwona akilia, na sasa alilia kwa sauti, pua na macho, mbele ya waliokuwa wanapanda na ndoo. Nilimshika mkono. Alikuwa analilia kibaraza ambacho hakikuwepo, na mkono wa baba yake, na mimi nilikililia kile kibaraza pia, kwani nilikuwa nimekizoea.

Aliponyamaza alifuta uso kwa mkono wa blauzi, akatazama huku na huku: ngazi, ukuta wenye alama za viatu, wale wasichana waliojitia hamnazo ili wasikie vizuri. Aliwatazama mmoja mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitazama kitu bila kukipita.

"Nimechelewa kuja," alisema.

Alifaulu, nisiwaweke roho juu. Bi Milimita alizungushia wino mwekundu kosa moja tu, ngazi ya nyuma, na hilo lilikuwa langu, niliandika vibaya. Lakini ninachokikumbuka ni Alhamisi asubuhi tulipokwenda ukumbini wawili, yeye na fimbo, mimi na daftari, na tepu yangu mfukoni kwa usalama. Viti vilikuwa vimepandanishwa pembeni. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linaingia na vumbi lilikuwa linaelea humo ndani bila haraka yoyote.

Alipiga magoti penye kona, akailaza fimbo kando ya ukuta, akaweka vidole viwili mwisho wake. Akavitazama. Nilitoa tepu, tukapima pamoja: vilikuwa vyembamba, havikufika. Vya baba yake vilikuwa vimenenepa kwa miaka thelathini ya saruji.

Alibaki ameinama pale muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa kwamba ametoroka tena, yuko kwao. Kisha akaongeza kidole cha tatu, akakisogeza kikaa sawasawa na wenzake. Nikaweka tepu. Hamsini.

Akageuka kunitazama, mkono wake umetulia sakafuni.

"Andika moja," alisema.