Saini ya Bi Makelele

Dada yangu mkubwa hushona mavazi ya waigizaji, na katika maisha yake ametengeneza filamu moja tu. Aliirekodia sebuleni kwetu, makochi tukiwa tumeyasukumia uani, mama yetu akicheza mama mkwe asiyeridhika na lolote. Dada mwenyewe alicheza jirani mmbeya, Bi Makelele. Alikuwa na sheria yake: mpaka kazi iishe, kila mtu aitwe jina la uhusika wake, hata mezani. Aliyekosea aliosha vyombo. Kwa jinsi tulivyoogopa masufuria yale, mama hakuthubutu hata kumwita bintiye kwa jina lake.

Siku ya mwisho akaja msambazaji wa filamu. Wanafilamu wote humwita Mjomba, na yeye hulipenda jina hilo, maana nani atamshtaki mjomba wake? Alimkuta dada bado ana wigi kichwani, akamwekea mkataba juu ya cherehani.

"Bi Makelele, weka saini hapa, mwanangu. Ni mambo ya diski tu."

Dada akasaini jina hilo hilo aliloitwa, akampa na kopi mama ya filamu, ile pekee ya kunakilia nyingine, akarudi kupigwa picha.

Diski ziliuzwa zikaisha. Baadaye kituo cha televisheni kikaanza kuirusha filamu ile, mwaka hadi mwaka, na mrabaha, yaani fungu la mwenye kazi kila kazi yake inaporushwa, ukaishia kwa Mjomba. Dada alipouliza akaambiwa aliuza haki zote, "kwa njia zilizopo na zitakazokuwepo". Mtu ananunuaje njia ambayo haijazaliwa, tena kwa bei ya jozi ya viatu? Nikifikiria hilo mpaka leo damu inanichemka.

Mwaka huu Mjomba akapiga simu mwenyewe, sauti tamu kama asali. Alisema kuna karatasi ndogo ya kusaini pale kituoni, na bahasha ya pesa. Nilimsindikiza dada. Kwenye ngazi akanishika mkono.

"Nikimkatalia, ataifungia filamu kabatini. Hakuna atakayeiona tena."

Chumba kilikuwa na meza ya kioo na kiyoyozi kilichopuliza kama kina ugomvi na watu. Mjomba alikuwa ameketi na mwanasheria mpya wa kituo, mwanamke kijana.

"Mwanangu, umenawiri! Saini hapa twende zetu tukale."

"Si nilishasaini, Mjomba? Mbona nirudie?"

"Ah, utaratibu tu."

Mwanasheria akainua kichwa. "Kwani hukuelezwa? Mkataba wa zamani umesainiwa na Bi Makelele. Hilo ni jina la uhusika, mtu huyo hayupo. Hatuwezi kuendelea kuirusha bila saini ya mwenye filamu."

Mjomba akaanza kutafuta mfukoni kitu ambacho hakikuwemo.

"Kumbe mwenye filamu ni mimi," dada akasema polepole. "Nilipokuja kudai, ilikuwa yako."

"Usikuze mambo. Bila mimi ungekuwa unapinda pindo za watu."

"Bado ninazipinda. Aliyenenepa ni wewe."

Mwanasheria akainamia karatasi zake, mabega yakimtikisika.

"Nilipe fungu langu la miaka yote," dada akasema, "kisha tuandikiane mkataba wa kurusha tu."

"Chukua bahasha, au ioze kabatini."

Dada aliitazama karatasi ile kitambo. Nilijua anawafikiria watu wanaomsimamisha njiani kumwigizia sauti ya Bi Makelele. Kisha akairudisha upande wa pili wa meza, bila saini.

Filamu imeondolewa hewani. Fungu lake hajalipwa, na Mjomba amezunguka akisema dada ni msumbufu, asipewe kazi. Kazi zimepungua kweli. Katika saa ile ile kituo sasa kinarusha filamu ya msichana mmoja tusiyemjua. Juzi tuliitazama mpaka mwisho, na jina la msambazaji likapita kwenye kioo cha televisheni. Alikuwa Mjomba tena.

"Masikini, na huyu," dada akasema, akaweka sindano chini, akaanza kuwapigia watu simu mmoja mmoja kuulizia namba ya msichana yule.